Wanaolala Kando ya Bwawa

Wasikilizaji wa Nachingwea na Ruangwa, na hasa ninyi wa Marambo mliokaa barazani jioni hii na redio katikati yenu, mnajua tuko msimu gani. Ufuta umeshapimwa na kuuzwa, mbaazi zinapukuchuliwa, mikorosho imeanza kutoa maua. Ni ule wakati wa mwaka ambao mto Mbwemkuru hubaki mchanga mpana wenye vidimbwi vya hapa na pale, na kila mwenye ndoo na kila mwenye mifugo anajua ni kidimbwi kipi bado kina maji na ni kipi kimebaki tope.

Leo nataka tuzungumze habari ya kupiga kambi kando ya bwawa wakati wa kiangazi. Nasema bwawa kwa maana ya maji yaliyozuiwa na ukuta uliojengwa na watu, yakakusanywa kutoka milimani ili yatumike mbali na pale mvua iliponyesha. Kando ya maji ya namna hiyo wapo wanaolala kwa starehe, wapo wanaolala kwa riziki, na wapo waliolala kisha wakafukuzwa. Nitawapitia wote. Lakini hao wa mwisho ndio hasa walionileta kwenye kipaza sauti, kwa sababu baadhi yao leo ni majirani zetu.

Nianze na starehe, maana habari yake ni fupi.

Huko Ulaya na Marekani, Juni, Julai na Agosti ni miezi ya joto. Shule zimefungwa, miji inachemka, na familia nyingi hupakia hema, jiko na watoto garini zikapanda milimani, kwenye mabwawa yaliyojengwa juu kwa ajili ya umeme au maji ya mijini. Sababu ni rahisi. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupungua joto kiasi cha nyuzi 6 hivi. Bonde likiwa na nyuzi 32, bwawa lililo mita 2,000 juu yake lina kama nyuzi 20. Mtu anapanda kwenda kulala usingizi.

Kwetu kalenda hiyo imepinduka. Mwezi wa Julai mtu wa Marambo anavuta shuka hadi kidevuni. Joto letu linakuja Oktoba na Novemba, pale mawingu yanapojikusanya na mvua inakataa kushuka. Ukimwambia mtu wa kusini akapige kambi mlimani mwezi wa Julai, unamwambia atoke kwenye ubaridi aende kwenye baridi kali. Wakenya wanalo bwawa la Ndakaini, huko Gatanga katika kaunti ya Murang'a, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, pembeni mwa milima ya Aberdare. Lilikamilika mwaka 1994. Tuta lake lina kimo cha mita 65, na sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Nairobi hutoka humo. Limezungukwa na mashamba ya chai, na miezi ya Juni na Julai ukungu hulala juu yake. Watu wanakwenda kutembea ukingoni, na zimekuwa zikifanyika pale mbio za nusu marathoni ili kuchangia utunzaji wa mazingira ya bwawa. Ni mahali pazuri sana. Anayetaka kulala pale achukue koti zito na hema la kuzuia umande.

Ila ninakotaka kuwapeleka ni kwetu Tanzania, na ni mbali kidogo. Ukitoka huku unashika njia ya Masasi, Tunduru na Songea, unapanda Njombe na Makambako, unapita Mafinga hadi Iringa, halafu unaingia barabara ya Dodoma. Njombe na Mafinga utaionja baridi ya milimani. Baada ya Iringa nchi inateremka, hewa inakauka, mibuyu inaanza, na unapokaribia nusu ya njia unaona maji mapana katikati ya nyika ya miiba. Hiyo ndiyo Mtera. Barabara inapita juu ya ukuta wenyewe, upande mmoja ziwa, upande mwingine korongo la mawe.

Mtera haiko kileleni mwa mlima. Ikijaa kabisa, uso wa maji unasimama kwenye mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Lakini maji yake mengi yamezaliwa mlimani. Ruaha Mkuu unaanzia kwenye milima ya Poroto na Kipengere, pande za Mbeya na Njombe. Ruaha Mdogo unatoka nyanda za Mufindi na kupita kando ya mji wa Iringa. Mto Kisigo ndio unaotoka nchi kavu ya upande wa Manyoni. Anayelala Mtera mwezi wa Agosti, mwezi ambao hapajanyesha hata tone, analala kando ya mvua iliyonyesha milimani Februari na Machi.

Ukuta ulikamilika karibu na mwaka 1980, kimo chake mita 45. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuweka akiba ya maji kwa ajili ya kituo cha Kidatu, kilicho chini zaidi kwenye mto huo huo, chenye mitambo ya megawati 204. Mitambo ya Mtera penyewe, megawati 80, iliwashwa mwaka 1988. Maji yale yale yanazalisha umeme Mtera, yanateremka, yanazalisha tena Kidatu, na siku hizi yanaishia kwenye bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lenye mitambo ya megawati 2,115.

Sasa tulale pale.

Jambo la kwanza anayepiga kambi kando ya bwawa anapaswa kulijua ni kwamba ukingo wake unahama. Ziwa la asili lina ufukwe uliozoeleka. Miti imejipanga, njia zimechimbika, watu wamejenga. Bwawa la umeme hujazwa masika na kutumiwa kiangazi. Pale Mtera, kati ya kina cha juu kabisa na kile ambacho chini yake mitambo huzimwa, pana tofauti ya mita 8 na nusu. Mita 8 kwenye kisima ni kamba tu. Lakini Mtera ni sinia pana: ikijaa inafunika kilomita za mraba zipatazo 660, na ardhi ya pembeni yake ni tambarare. Maji yakishuka mita moja, ukingo unarudi nyuma mwendo mrefu sana. Ulipolala wakati wa Pasaka ukingoni mwa maji, Septemba utaona ng'ombe wanakula majani, maji yakiwa mbali.

Kwa hiyo nilipofika pale kiangazi, wenyeji wangu wavuvi waliniuliza kwanza kama nimeona alama ya maji ya masika. Alama hiyo ni mstari wa mabua makavu, magamba ya konokono na vijiti vilivyosukumwa na mawimbi. Hema linawekwa juu ya mstari huo, hata kama maji yako mbali na kubeba ndoo ni kazi. Chini ya mstari ni tope lililokauka juu likabaki laini chini, na ndiyo njia ya kiboko. Kiboko anatoka majini jua likizama, anakwenda kula majani usiku kucha, anarudi alfajiri, na anapita pale pale anapopita siku zote. Njia yake inaonekana wazi, mifereji miwili ya nyayo yenye tuta katikati. Usilale juu ya njia hiyo, na usisimame kati yake na maji. Mamba naye anajifunza mazoea ya watu. Anayechota maji mahali pale pale, saa ile ile, kila siku, anamfundisha.

Na usilale upande wa chini wa ukuta, kwenye mchanga wa mto. Pale panaonekana salama kuliko kote, pakavu, pana kivuli, maji yanatiririka kidogo. Milango ikifunguliwa juu, maji yanakuja bila wingu wala ngurumo.

Upepo nao una ratiba. Mchana ardhi inapata moto upesi kuliko maji, upepo unavuma kutoka bwawani kuja nchi kavu, na alasiri mawimbi yanainuka kiasi cha kuwafanya wavuvi wa mitumbwi midogo waahirishe safari. Usiku nchi kavu inapoa upesi, upepo unageuka na kushuka kwenda majini. Ndiyo maana moto wa kambi huwashwa upande wa maji na hema huwa nyuma yake. Moshi unakwenda bwawani, wewe unapumua vizuri. Maji ya kunywa yanachemshwa, hilo kila mama anajua. Ambalo watu wanalisahau ni kichocho. Hicho hakihitaji unywe. Vijidudu vyake vinapenya ngozini ukiwa umesimama tu kwenye maji yaliyotuama yenye konokono na majani, hasa jua linapokuwa kali. Maji ya kuoga yateke, yaache kwenye ndoo isiyo na konokono kwa siku mbili, ndipo uoge nchi kavu. Choo cha shimo kichimbwe mbali na ukingo, maana mkojo na kinyesi kinachofika majini ndicho kinachoanzisha mzunguko wote huo. Chandarua hakina mjadala.

Ukishayatimiza hayo, usiku wa Mtera ni wa ajabu. Miti iliyozama bwawa lilipojazwa bado imesimama majini, mikavu, na ndege wanalala juu yake kwa mamia. Hewa ni kavu, mbingu iko wazi, taa za mitumbwi zinatawanyika gizani. Nawaambia kwa moyo wote, kama una kijana anayesoma jiografia, mpeleke akalale pale. Ataelewa mvua, mlima, mto na umeme kwa usiku mmoja.

Lakini mtalii ni mgeni wa wavuvi. Wao wako pale kwa miezi. Mabanda yao ni ya nyasi na miti, mengine ya maturubai, na yamejengwa kwa kujua kwamba yatahamishwa. Watu wa pwani wanalijua dago, ile kambi ya wavuvi wanaofuata msimu na kuacha nyumba zao. Hapa ndilo hilo, ila linalofuatwa ni maji yenyewe. Bwawa likirudi nyuma, dago linasogea. Perege na kambale wanakaushwa na kubanikwa pale pale, kina mama wanakaanga kando ya barabara, mabasi yanasimama, abiria wananunua. Visiki vilivyozama vinararua nyavu, na hivyo hivyo ndivyo vinavyowapa samaki mahali pa kujificha na kuzaliana mbali na kokoro. Na nyuma ya maji yanayorudi, kwenye tope lenye unyevu, watu wanapanda mahindi na maboga bila kusubiri mvua, na majani mabichi yanaota wakati nyika yote imekauka. Mfugaji anayaona hayo majani kutoka mbali.

Ardhi moja hiyo, wasikilizaji, kwa mwaka mmoja inazaa samaki, mahindi, malisho na umeme. Na haina alama yoyote kwenye ramani, kwa sababu ramani inachora bwawa likiwa limejaa.

Sasa nije kwenye ule mwaka wa wale waliofukuzwa. 2006.

Mvua zilikuwa zimeshindwa. Mtera ilishuka sana, na kwa kuwa wakati huo umeme mwingi wa gridi ya taifa ulitegemea maji, mgao mkali uliingia mijini. Viwanda vilisimama. Nchi ikataka kujua nani amekunywa maji. Macho yakaelekea juu ya mto, kwenye uwanda wa Usangu, wilaya ya Mbarali, mahali panapoitwa Ihefu.

Ihefu ni kinamasi. Ruaha Mkuu na vijito kutoka milimani vinaingia humo na kutanda, kisha vinatoka mahali pamoja tu, kwenye kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Ni kama mdomo wa mtungi: maji yasipofika mdomoni, hata tone halimwagiki. Tangu mwaka 1993, kila kiangazi maji ya kinamasi yamekuwa yakishuka chini ya mwamba huo, na mto ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ukakatika, viboko wakagandamana kwenye vidimbwi. Jambo hilo lilionekana na kila mtu. Kilichoonekana pia ni ng'ombe, maelfu kwa maelfu, wa Wasukuma, wa Wamang'ati, wa Wamaasai, waliopiga kambi kando ya kinamasi kiangazi kwa sababu ndipo palipokuwa na majani.

Serikali ikatoa amri waondoke. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji wa Ihefu na Usangu walihamishwa na mifugo yao, na mikoa iliyotajwa kuwapokea ilikuwa Pwani na Lindi. Katika Lindi, Kilwa ilitajwa miongoni mwa wilaya za kuwapokea. Ng'ombe wengi walikufa njiani, wengine kwenye malori, wengine kwa miguu na kiu. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha.

Nataka msikilize kwa makini hapa, kwa sababu hili halisemwi mara nyingi huku kwetu. Watafiti walioupima mto huo kwa miaka walionyesha kwamba mto kukatika kiangazi na bwawa kukosa maji ni mambo mawili. Mtera haijazwi na maji ya kiangazi. Inajazwa na mafuriko ya masika, na yale maji kidogo yanayopotea Agosti na Septemba hayatoshi kueleza upungufu wa bwawa zima. Walionyesha kwamba sababu kubwa ya mto kukauka kiangazi ni mifereji ya skimu za mpunga iliyoendelea kuchepusha maji hata baada ya mavuno. Na wapo wataalamu waliorudia hesabu za mgao wa miaka ya mwanzo ya 1990, wakaona kwamba namna maji yalivyofunguliwa na kutumiwa bwawani ilikuwa na sehemu yake kubwa katika upungufu ule. Ng'ombe walikuwa wengi mno Ihefu, hilo sikatai. Kinamasi kilikanyagwa, na ndege na samaki walipungua. Lakini lawama nzima iliwekwa juu ya wale waliokuwa wanaonekana, wale waliokuwa wamelala ukingoni.

Na kuna hili linalonichoma. Mwaka huo wa 2006, Lindi na Mtwara hatukuwa kwenye gridi ya taifa. Tulikuwa kwenye jenereta za dizeli, pale zilipokuwepo. Taa ya Nachingwea ilikuwa haijawahi kuwashwa na maji ya Mtera hata usiku mmoja. Umeme ule haukutufikia, ila wale waliofukuzwa kwa ajili yake walitufikia. Nao wakaja kwenye nchi ambayo haikuwahi kuwa ya ng'ombe, kwa sababu mbung'o walitawala misitu yetu tangu enzi za mababu, nasi Wamwera tukajenga maisha yetu juu ya mtama, muhogo na korosho. Hapakuwa na majosho wala njia za mifugo. Malambo ya kuwatosha hayakuwepo. Mgeni akafika na ng'ombe wake, akatafuta maji, akayapata pale pale mama wa Marambo anapochota.

Mkulima aliyeamka akakuta mbaazi zake zimelala chini ana haki ya kukasirika, na anastahili fidia, si maneno. Mwenye mikorosho michanga iliyotafunwa amepoteza miaka. Mfugaji anayepitisha kundi usiku shambani kwa makusudi ni mkosaji na ashtakiwe. Nasema tu kwamba ugomvi huu haukuanzia kwenye shamba la mtu yeyote wa huku. Ulianzia ukingoni mwa maji, mahali ambapo waliopanga bwawa walihesabu megawati, wakahesabu mita za ujazo, na hawakuhesabu watu watakaolala kando.

Nachingwea si wageni wa makambi. Waingereza walikuja na mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakapiga kambi, wakalima kwa matrekta, na mwaka 1951 mpango ukafa. Kisha kuanzia miaka ya 1960 tukawapokea wapiganaji wa FRELIMO, wakafunzwa hapa, hadi Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wazee wetu waliishi na kambi ile kwa miaka mingi. Tunajua kumkaribisha aliyekuja na turubai.

Kwa hiyo nazungumzia malambo yetu. Kila msimu wa bajeti yanatajwa: lambo hapa, lambo pale, kwa ajili ya mifugo, kwa ajili ya bustani, kwa ajili ya watu. Naunga mkono kila moja. Lakini mtu aliyewahi kulala kando ya Mtera anaona mambo ambayo kwenye makaratasi ni vigumu kuyaona.

Anaona jua. Katika nchi kavu kama ile, jua na upepo huondoa kina cha kama mita 2 kwa mwaka kutoka kwenye maji yaliyo wazi, kabla hajanywa mtu wala mnyama. Lambo pana lenye kina cha mita 2 na nusu tumelichimbia jua. Bora dogo lenye kina kirefu. Anaona kwato pia. Ng'ombe wakiingia wenyewe majini, kingo zinabomoka, udongo unashuka, na baada ya masika machache lambo limebaki bakuli la tope. Maji yatolewe kwa bomba kupita chini ya tuta hadi kwenye mabirika ya kunyweshea, ng'ombe wanywe huko chini, na lambo lizungushiwe ua wa miti.

Na anaona watu. Lambo likichimbwa mwezi wa Juni, kufikia Septemba kuna turubai kando yake. Hilo ni hakika kuliko mvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita 60 ni kinga nzuri: inazuia choo kisifike majini, inazuia jembe lisilegeze udongo. Lakini sheria hiyo inakueleza mahali usipopaswa kujenga. Haimwelezi mfugaji aliyetembea siku nzima alale wapi. Kijiji ndicho kinachoweza kusema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa ninyi mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi yenu, na mpango wa matumizi bora unaweza kuonyesha, kwa mipaka na alama, eneo la kambi ya kiangazi: juu ya mstari wa maji ya masika, upande ambao upepo wa usiku unatoa moshi nje ya makazi, penye choo, penye njia ya mifugo isiyokatiza shamba, na mwezi wa kuingia na mwezi wa kutoka. Mfugaji akae kwenye kamati ya maji pamoja na mkulima, achangie ukarabati, na atozwe faini yeye mwenyewe akivunja utaratibu alioukubali.

Pia wekeni nguzo ndani ya lambo, yenye alama za nusu mita, ipakwe rangi. Mtu yeyote apite aone kina. Kina kikishuka hadi alama fulani, mifugo ya nje inasimama. Kikishuka hadi alama ya chini yake, yanabaki maji ya kunywa watu. Mkubaliane alama hizo wakati maji yamejaa na hakuna aliyekasirika. Mtera ina vipimo vyake, inapimwa, lakini kwa miaka mingi aliyejua kipimo alikuwa ofisini na aliyelala ukingoni hakuambiwa kitu.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ule utakaoitishwa kabla ya mvua za Novemba ndio wa kulizungumza hili, maana baada ya hapo kila mtu yuko shambani. Ulizeni lambo letu lina kina gani, tuta lake linavuja wapi, ng'ombe wananywea upande gani. Ulizeni pia mwaka jana walilala akina nani kando yake, walitoka wapi, walikaa hadi mwezi gani, na kama mwaka huu watarudi wameandaliwa mahali gani. Andikeni majibu kwenye muhtasari. Nanyi mlio na malambo yanayoshika maji hadi Oktoba, iwe Marambo au kwingineko Nachingwea na Ruangwa, nileteeni habari zake, kina chake na namna mnavyogawana, nizisome kwenye kipindi kijacho ili wenzenu wazisikie.